Nahodha wa Ukoo Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Vita! Meno (daktari wa meno wa mtaa wa pili) amempelekea mshonaji wangu maua, tena mbele ya baba mtu! Mshonaji ananipenda mimi, ameniambia kwa kinywa chake. Tatizo ni huyo baba, fundi saa, anayetaka mkwe mwenye ukoo unaojulikana. Nikajikuta nimesema baba wa babu yangu alikuwa nahodha wa meli, akafunga ndoa ng'ambo katika kanisa kubwa. Ndoa ni kweli. Unahodha nimetia chumvi. Mzee amesema nilete ushahidi Jumapili, ndipo apokee posa.

Jumatano, 5 Machi

Karani wa kanisa la ng'ambo ametuma nakala niliyoomba ya cheti cha ndoa! Jina la bwana harusi, sawa. La bibi harusi, sawa. Kazi ya bwana harusi: mpishi wa meli. MPISHI! Nimemwandikia karani, kwa heshima zote, abadilishe neno moja tu. Amejibu kwamba ataniombea.

Ijumaa, 7 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimeichapisha nakala, nikaikunja kwa ustadi, neno "mpishi" likamezwa na mkunjo. Nimejifunza kuishika mbele ya kioo. Mpangaji mwenzangu ameuliza kama naumwa. Wivu huo.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Meno naye alikuwepo, amealikwa chai! Nikamkabidhi mzee karatasi. Akaikunjua yote. Akabana lenzi yake ya saa jichoni, kidole kikatua pale pale kwenye "mpishi". Nikajua nimekwisha.

Mzee akaanza kulia. Akasema huyu ni baba yake mzazi. Jina lake, kijiji chake, upishi wake wa melini! Baba yake alikuwa akisimulia habari za mke wa kwanza aliyefia ng'ambo, na mtoto wao wa kiume aliyechukuliwa na wajomba, wasionane tena.

Mtoto huyo ni babu yangu.

Mzee akanikumbatia, akaniita mjukuu. Basi yeye ni babu. Basi binti yake, mpenzi wangu, roho yangu, ni SHANGAZI YANGU! Mshonaji akaangua kilio, akajifungia chumbani. Babu akasema damu haioi damu, kisha akaniagiza nimwamkie shangazi kabla sijaondoka. Nikauambia mlango shikamoo. Meno akanimiminia chai nyingine, akicheka meno yote nje.

Jumanne, 11 Machi

Sijala tangu juzi. Nampenda, na kumwita shangazi siwezi.

Lakini akili haijalala! Mpishi alikuwa baharini miezi na miezi. Mkewe alibaki peke yake, na majirani ni watu. Nimemwagiza karani achunguze. Akipata chochote, mimi si damu ya mpishi hata tone, na posa inarudi mezani!

Nimepiga magoti na kuomba kwa moyo wote: Ee Mungu, mjalie marehemu bibi yetu awe alikuwa na mpango wa kando.