Gari la Mzee Antika Lagoma Siku ya Harusi

Asubuhi redio ya kinyozi ilitangaza kwamba magari makuukuu yatakaguliwa upya, na yatakayofeli yatatolewa barabarani. Kwenye benchi la nje, dereva waliyembandika jina la Teksi akasema wakaguzi wasijisumbue na gari la Mzee Antika, maana limeshajitoa lenyewe.

Kweli, lilikuwa ng'ambo ya mtaa, limefungwa utepe mweupe, linakohoa bila kuwaka. Mzee Antika alikuwa ameapa kumpeleka bintiye harusini kwa gari lile lile alilomwolea marehemu mkewe. Teksi alipojitolea kumbeba bibi harusi bure, mzee alimjibu kwa dharau kwamba mwanawe hapandi bati la kukodi. Na sasa saa ilikuwa inakwenda.

Wembe, kinyozi mwenyewe, hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini alimwacha mteja na nusu ya kichwa akaenda kutoa utaalamu. Akasema ni plagi. Soli, fundi viatu, akasema anayesema plagi akanyoe ndevu, hii ni kabureta. Teksi akasema wote vichwa maji, betri imekufa. Mteja wa nusu kichwa akauliza kama lina mafuta. Mzee akamwonyesha geji, mshale umelala kwenye kujaa kama ulivyolala miaka yote, na mteja akaambiwa akakae.

Pale kijiweni hoja bila ushahidi mkononi haihesabiki. Basi Wembe akafungua plagi zote, Teksi akang'oa betri, Soli akaitoa kabureta, akaipindua.

"Mnaona ilivyokauka?" akasema kwa ushindi. "Imeziba hii."

Ndipo binti akatoka na gauni lake, anajinusa mkono.

"Baba, dumu la petroli linafanya nini chini ya kitanda changu? Nanuka kama jenereta."

Mzee Antika akajikuna shingo. Ikabidi aseme: kila usiku huyanyonya mafuta kwa mpira, alfajiri huyarudisha. Leo, kwa pilikapilika za harusi, amesahau.

"Unayanyonya kwa kumwogopa nani?" Wembe akauliza taratibu.

"Si ninyi. Watu tu."

"Watu gani, mzee? Mtaa huu usiku tupo sisi na paka," akasema Soli.

Wembe aliumia kweli. Miaka nenda miaka rudi mzee huyu amemwachia koo lake chini ya wembe, akisinzia kabisa, kumbe hamwamini na dumu la petroli. Akazipanga plagi juu ya boneti, moja moja, akarudi kwa mteja wake. Soli akaiweka kabureta kando ya plagi, akaenda kwenye viatu vyake. Mzee akabaki anavitazama vyuma vile, hajui kipi kinaingia wapi.

"Baba, nachelewa," binti akasema, na sauti ilikuwa imeanza kulowa.

Teksi akaleta gari lake, akamfungulia bibi harusi mlango, akalikusanya gauni lisibanwe. Kisha akamgeukia mzee, akaushika mlango wa upande wa pili.

"Ingia, mzee. Tangi limejaa tangu jana, na gari limelala nje. Nilikuwa sijui kama mtaani kwetu kuna wezi."