Ekzosi Mpya kwa Gari la Mama Mkwe

Jumatano, 4 Juni

Mama mkwe ameacha kuendesha, macho yamemchosha. Jumamosi anarudi kutoka kwa dada yake, na hapo atasema gari lake linabaki na nani: mimi niliyelihangaikia mwaka mzima, au shemeji, mwanawe wa kumzaa, ambaye kazi yake ni kulipangusa vumbi na kusifiwa. Leo boksi langu limefika kutoka ng'ambo. Ekzosi mpya ya kufunga kwenye injini, mirija minne, kila silinda na wake. Karatasi inasema nguvu itapanda kwa asilimia kumi na mbili. Kitambaa cha shemeji kimepandisha sifuri.

Alhamisi, 5 Juni

Boliti nane za ekzosi ya zamani. Saba zimetoka kwa amani. Ya nane imekatikia ndani. Nimeitoa kwa dreli, jasho na maneno ambayo mke wangu ameomba nisiyarudie mbele ya watoto. Shemeji akapita, mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza kama nimeijaribisha kwanza ile mpya. Nikamwambia mimi ufundi nimejifundisha mwenyewe, sijafundishwa na kitambaa. Ili kumaliza ubishi nikamkabidhi mnunua vyuma chakavu manifodi ya zamani, ile ekzosi niliyoing'oa, palepale, shemeji akiona.

Ijumaa, 6 Juni

Imefungwa. Injini inanguruma hadi vikombe vinacheza kabatini. Nikatoka getini, nikakata kushoto. Safi. Nikakata kulia. Usukani umegoma, kama kuna mtu kaushika kwa chini. Nikarudi nyumbani kwa kuzunguka mtaa kushoto, kushoto, kushoto.

Nikaingia uvunguni na tochi. Mrija wa tatu umekaa palepale kinapopita chuma cha usukani. Nikasoma karatasi upya. Chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa: kwa magari yenye usukani kushoto. Wa mama mkwe uko kulia.

Mnunua vyuma hapokei simu.

Nimepiga hesabu. Kulia moja ni kushoto tatu. Kutoka stendi hadi nyumbani, kona kumi na moja, zote kushoto. Inawezekana. Mke wangu anasema niseme ukweli tu. Yeye ana pikipiki yake ya kupelekea keki, haelewi.

Jumamosi, 7 Juni

Shemeji alikuja stendi kubeba mizigo. Akakaa mbele, mama mkwe nyuma. Akaniambia nikate kulia. Nikakata kushoto, nikasema nakwepa foleni. Akauliza foleni ya nani, barabara nyeupe. Kwenye kona ya nne mama mkwe akauliza, kwa upole, kama siku hizi maduka yote ya dawa yamepakwa kijani. Nikasema ndiyo, mama. Akauliza kama yote yana huyo mwanamke mwenye mwavuli mlangoni.

Kona ya tisa: wamechimba mtaro. Magari yote yanaelekezwa kwenye mzunguko, na mzunguko unazungukwa kwa kulia.

Nikasimama. Honi nyuma. Shemeji akasema, "Kata basi, bwana." Sikukata. Mkono wa mama mkwe ukapita katikati ya viti, kiganja juu.

"Ufunguo, mwanangu."

Sijawahi kuitwa mwanangu kwa ubaridi ule. Akampa shemeji. Naye akajaribu kulia, wapi. Akafungua boneti, akachungulia, akanitazama. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Tukalisukuma pembeni. Mama mkwe akamaliza safari kwa miguu, mbele yetu, bila kugeuka.

Jumatatu, 9 Juni

Shemeji kaikomboa manifodi kwa mnunua vyuma, kaifunga mwenyewe. Gari ni lake. Mama mkwe kanirudishia mirija yangu ndani ya mfuko, akasema kila mtu abaki na chake.

Wanachokosa kuelewa: ekzosi haikuwa na kosa hata moja. Kosa ni usukani kukaa upande.

Jioni nimeitazama vizuri pikipiki ya mke wangu. Silinda moja, kwa hiyo mirija mitatu inabaki ya akiba. Usukani uko katikati kabisa. Mwenyewe anasafiri keshokutwa. Bomba lake la zamani nimeshamwahidi mnunua vyuma.