Aproni ya Buluu na Bata Kumi na Watatu

Jumapili, 12 Mei

Viota sita! Nimehesabu mara tatu. Mara ya nne nilipata saba, lakini cha saba kilikuwa kofia yangu iliyopotea mwaka jana.

Ng'ambo ya ukuta wa mawe, shemeji yangu Gjertrud ana viota thelathini na vinane. Ananiambia idadi hiyo kila asubuhi bila kuulizwa. Marehemu baba alikuwa na arobaini katika uwanja huuhuu wangu. Naona aibu, na hapa naweza kusema hivyo kwa kuwa hakuna wa kunisoma.

Sasa habari kubwa. Jumamosi anakuja Daktari Sunniva, mtafiti wa ndege kutoka Tromsø. Atawahesabu bata-bahari wetu, hawa wa mwitu tunaowalinda kwa ajili ya manyoya yao laini, akiwa ndani ya mashua, mbali, asiwashtue. Kisha atachagua uwanja mmoja wa kufanyia utafiti kwa miaka kumi. Mwenye uwanja ataitwa Mwangalizi wa Ndege na kukabidhiwa darubini. Kubwa, yenye miguu mitatu! Nimeshaipatia mahali: dirishani, pale inapokaa cherehani ya mke wangu Ragnfrid. Ragnfrid bado hajaarifiwa.

Jumatatu, 13 Mei

Bado kuna bata wengi wanaoelea mbele ya kisiwa, hawajaamua watage wapi. Watapanda nchi kavu wiki hii, watakagua vibanda tulivyowajengea kwa mawe na mbao, watachagua. Basi nimejenga kibanda cha ghorofa! Vyumba viwili, zulia, dirisha la kutazama bahari.

Nilifunga nyundo kwa soksi ili isilie. Maana toka Aprili hadi vifaranga waingie majini, kisiwa chetu hakipigi kelele, hakianiki nguo nje, na walezi wa ndege hatubadilishi nguo. Bata humjua mlezi wake kwa nguo zake. Mimi ni sweta ya kahawia. Gjertrud ni aproni ya buluu yenye madoa meupe na kitambaa chekundu kichwani. Hata ugomvi tunagombana kwa kunong'ona.

Nyundo haikulia. Nililia mimi. Kidole gumba!

Gjertrud akachungulia ukutani, akanong'ona, "Shemeji Ottar, unachinja nguruwe msimu wa kutaga?" Nikanong'ona kwamba nilikuwa nakohoa. Akanong'ona kwamba kikohozi hicho kimemtaja shetani mara mbili.

Jumatano, 15 Mei

Ghorofa ina mpangaji. Kunguru. Amekula zulia.

Bata watatu walipanda kutoka majini mchana, wakapita mbele yangu bila hata kugeuza shingo, wakaenda moja kwa moja kwa Gjertrud. Nikamtazama anavyowapokea. Hafanyi lolote! Anatembea akitikisa nyonga, anaimba puani. Wanaijua aproni, basi.

Wanaijua aproni!

Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliwashonea binti zake wawili, Gjertrud na Ragnfrid, aproni za sare. Ya Ragnfrid iko kabatini na kitambaa chake, haijavaliwa miaka minane. Sijalala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 16 Mei

Mafanikio! Gjertrud husinzia saa saba baada ya supu. Saa saba na dakika tano nilivua sweta, nikaificha ndani ya kibanda namba tisa, kitupu tangu enzi za baba. Nikafunga aproni. Nikafunga kitambaa. Nikatoka nikitikisa nyonga na kuimba puani.

Bata wangu sita walinikodolea macho. Wawili waliondoka kabisa, na sikupenda walivyonitazama. Lakini kutoka majini wakapanda watano! Wakanizunguka miguuni, wakakagua vibanda, wakakaa. Kiuno kinaniuma. Sikujua Gjertrud anafanya kazi ngumu kiasi hiki.

Ijumaa, 17 Mei

Sikukuu ya taifa. Bara wanapiga tarumbeta na kupeperusha bendera. Sisi bendera zetu zimekunjwa kabatini, tumenong'ona wimbo wa taifa jikoni, tukala keki.

Ragnfrid akaniuliza aproni yake imepataje matope. Ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, kisha akatoka kwenda kuchekea ndani ya pipa la maji ya mvua. Aliporudi akasema, "Mume wangu, unaijaza aproni kuliko mimi." Kisha akaniuliza kama nimefikiria mtafiti ataandika nini. Nikamjibu kwamba mtafiti ataandika idadi. Idadi ni yote!

Mchana wamepanda wengine wanne. Nina kumi na watatu!

Jumamosi, 18 Mei

Nilivaa tangu alfajiri. Gjertrud alikuwa ndani akimwandalia mgeni keki za waffle, kwa hiyo uwanja ulikuwa wangu. Mashua ikapita mbali, daktari amevaa koti la mvua la rangi ya chungwa, jicho darubinini. Nilitembea vizuri kuliko siku zote. Niliinama. Niliimba. Nilimpungia mkono!

Saa tisa tukaitwa jikoni kwa Gjertrud. Kahawa, waffle, jibini la kahawia. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani. Daktari akafungua daftari, akasoma kwa kunong'ona. Mlezi mwenye sweta ya kahawia: hakuonekana siku nzima. Mama mwenye aproni ya buluu: viwanja viwili, viota hamsini na vinne, mchapakazi, mchangamfu, anapunga mkono.

Gjertrud akasema yeye hajampungia mtu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini kumi na watatu wangu! Nikanong'ona, "Huyo mama ni mimi." Daktari akadhani sijamwelewa. Ikabidi nisimame nitikise nyonga kutoka jiko hadi mlangoni na kurudi. Ragnfrid akakimbilia kwenye pipa.

Gjertrud akaniambia kwa upole wa kutisha, "Kwa hiyo shemeji, umewaiba bata wangu kwa aproni ya mama yangu?" Nikamjibu kwamba hawakuwa wake bado, walikuwa wa bahari.

Daktari alipomaliza kufuta machozi akaamua. Bata wote wanamfahamu mlezi mmoja, naye ni aproni. Aproni ni Gjertrud. Darubini akapewa yeye. Mimi nimekuwa Msaidizi wa Muda, na nimekabidhiwa ile miguu mitatu. Lakini atarudi Juni kuhesabu tena, na uamuzi wa mwisho utakuwa siku hiyo.

Cherehani imebaki dirishani. Nimeumia, kweli.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda kuchukua sweta yangu kwenye kibanda namba tisa. Kuna bata juu yake! Ametandika manyoya yake ndani ya mkono wa kushoto na kutaga mayai manne. Kiota cha kumi na nne, katika kibanda cha baba! Nilikaa kwenye jiwe nikalia kidogo, kwa furaha.

Kisha nikakumbuka sheria. Bata akishakaa, haguswi. Na wale wengine wamezoea aproni, na mlezi habadilishi nguo hadi vifaranga waingie majini. Yaani mimi na aproni hadi mwisho wa Juni.

Gjertrud amenitazama asubuhi yote kupitia darubini. Tuko mita kumi.

Jumanne, 21 Mei

Nina mpango! Hauna kasoro.

Nina koti jipya la mvua bandani, kijani kibichi, halijavaliwa. Leo nimemtumia Gjertrud liwe zawadi ya kuomba radhi. Akilivaa tu, bata wake watashtuka, watamkimbia, watamtafuta mtu wanayemfahamu: mwenye aproni ya buluu. Yaani mimi! Juni daktari atakuta uwanja wa Gjertrud mtupu. Ragnfrid amesikia mpango wote, akachukua kitambaa cha vyombo, akaelekea kwenye pipa.

Gjertrud amelipokea kwa tabasamu. Ameahidi kulitunza. Kumbe ana roho nzuri! Na jioni hii amenirudishia fadhila: koti jipya kabisa, jekundu, lenye vifungo vya shaba. Anasema amenionea huruma kuonekana hadharani na aproni.

Limenikaa sawasawa. Kesho asubuhi nalivaa niende kuwasalimu bata wangu.