Begi Jeusi la Dokta

Dokta aliwaona wakiwa bado upande wa pili wa barabara: binti aliyekumbatia laptop kama mtoto mchanga, na nyuma yake mama wa makamo aliyebeba vitabu vitatu vinene vilivyofungwa kwa kamba. Begi hawakuwa nalo. Dokta akameza mate, akavuta meza yake kivulini.

Udaktari hakuusomea popote. Alijipachika baada ya kugundua kwamba mzazi anayempeleka mtoto chuo kikuu yuko tayari kuogopa chochote, na mgongo ni kitu kizuri cha kuogopewa kwa kuwa hakuna mtu anayeuona wake. Basi kila wiki ya usajili alipanga mabegi yake nje ya lango la chuo na kuwahurumia watu.

Kazi yake ilikuwa safi. Mabegi ya juu ya meza yalikuwa mazima kabisa, maana tapeli mwenye bidhaa mbovu hashibi. Mteja alitia laptop na vitabu vyake ndani ya begi jeusi, akalivaa, akazunguka nalo. Akiridhika, Dokta aliliomba kidogo ili akaze mikanda, akalishusha chini ya meza, na kilichopanda juu kilikuwa begi jeusi jingine, pacha wa lile, lenye kigae cha sakafuni na magazeti ya zamani. Zipu ya pacha huyo ilikuwa imetiwa gundi. "Zipu mpya hiyo, usiilazimishe mpaka jioni," alishauri kwa upendo. Ikifika jioni, Dokta hayupo. Jana alikuwa lango la mbele, leo yuko lango la nyuma.

Fahari yake kubwa ilikuwa uzito. Kile kigae alikikata mwenyewe, akaongeza gazeti, akapunguza gazeti, mpaka mgongo wa binadamu ukashindwa kutofautisha. Hata yeye akiyavaa mawili hayo kwa zamu, hakujua lipi ni lipi. Alikuwa pia na mwiko mmoja tu: asiiache meza.

"Karibuni," alisema kwa sauti ya kutoa pole. "Huyo binti anakwenda kuumia mgongo."

"Nani?" aliuliza yule mama.

"Mwanao huyo."

"Ni mtoto wa kaka yangu. Mgongo wake una nini?"

"Bado hauna kitu, mama. Ndiyo maana nimewaita mapema."

"Shangazi, tununue begi tu twende," alisema binti.

"Subiri, tumsikilize mwenzetu ana elimu." Shangazi akaweka vitabu mezani, akamgeukia Dokta. "Sikiliza, mwanangu. Baba yake ameuza pikipiki yake kwa ajili ya hiyo laptop. Siku hizi anakwenda kazini kwa miguu. Ikipotea, huyu hasomi, na mimi niliyekabidhiwa sina uso wa kurudi nao nyumbani."

Dokta aliweka mkono kifuani. Kusema kweli aliguswa. Laptop iliyomeza pikipiki nzima lazima iwe laptop nzuri.

Sasa, huyu shangazi hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Nyumbani walimsema kwamba muda anaochagua kitunguu, wenzake hununua kiwanja. Alivuta mishono. Alibonyeza sponji kwa dole gumba. Alimwagia begi moja maji ya chupa yake akatazama kama yatapenya, akalipindua jingine nje ndani. Na kila alichokishika alikinusa, kwa sababu kwake kitu kisichonuswa hakijaonwa. Aliinusa hata meza.

"Unanusa nini, mama?" aliuliza Dokta.

"Uzima wake."

Hatimaye likachaguliwa begi jeusi. Laptop ikaingia kwenye mfuko wake wa ndani, vitabu vikafuata, binti akalivaa akaenda na kurudi. Dokta akanyoosha mikono.

"Lete nikukazie mikanda."

"Acha," alisema shangazi, akiwa ameshakamata kishikio cha begi. "Huyu mwenyewe hajioni nyuma. Livae wewe, nikuangalie."

"Mimi?"

"Kwani wewe huna mgongo?"

Dokta akalivaa. Akatembea mpaka nguzo ya lango, alipokaa mlinzi, akarudi polepole kama bibi harusi. Wazo la kutoweka lilimjia, lakini mlinzi yule alikuwa kijana mwenye miguu mirefu. Shangazi akalipokea begi, akaliweka mezani na kulilalia kwa kiwiko.

"Sasa vaa lile la kijivu, tulinganishe. Panda ngazi za duka la vitabu pale. Mtoto amepangiwa chumba ghorofa ya nne."

"La kijivu ni tupu, mama."

"Nataka kuona mikanda, sitaki kuona mzigo. Na usigeuke, ukigeuka nitaona uso, na uso wako siununui."

Hapo Dokta alikumbuka mwiko wake. Lakini jua lilikuwa kali, wateja wengine walikwishakata tamaa na kuondoka, na pikipiki nzima ilikuwa imelala pale mezani. Akapanda ngazi. Akashuka. Akaambiwa apande tena, kwa sababu binti alikuwa amesimama mbele ya shangazi akamziba asione. Akapanda tena, jasho likimtoka, akijiapiza kwamba mwanamke huyu atajuta kuzaliwa katika ukoo wenye wasomi.

Aliporudi, begi jeusi lilikuwa palepale chini ya kiwiko.

"Jeusi limeshinda," alisema shangazi. "Bado jaribio moja. Livae ukimbie."

"Nikimbie?"

"Mwanafunzi akichelewa darasani hutembea? Kimbia mpaka kwenye ile kona, urudi. Ila pita upande huu, mlinzi asije akakudhania mwizi."

Dokta alimtazama usoni kutafuta mzaha, hakuuona. Katika miaka yake yote ya utapeli hakuwa amewahi kuombwa akimbie na mali ya mteja. Alilivaa, akafunga mkanda wa kifuani, akakimbia. Alifika kwenye kona na hakurudi. Alikata uchochoro wa kwanza, akaruka mtaro, akapita nyuma ya mashine za kuchapisha karatasi, na kicheko kikimpanda mpaka akalazimika kuegemea ukuta.

Akalishusha begi, akashika zipu. Haikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Haikuja. Kicheko kikakatika. Akainama akainusa, kama alivyofundishwa muda mfupi uliopita, na gundi ile aliijua, kwa kuwa aliinunua mwenyewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na shangazi, pamoja na magoti yake mabovu, alikuwa ameinama. Harufu ya gundi ilimfikia tangu alipokuwa akinusa meza. Yule binti aliyesimama mbele alikuwa anamziba kweli, ila si kwa bahati mbaya.

Dokta alirudi kwa kunyata, akachungulia pembeni ya duka la vitabu. Binti alikuwa amevaa begi jeusi, laptop yake salama mgongoni, mikanda imekazwa vizuri. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha Dokta, nyuma ya mabegi yote ya Dokta. Mbele yake walisimama mlinzi wa miguu mirefu na baba mmoja mwenye hasira. Dokta alimkumbuka baba huyo: mteja wa jana, wa lango la mbele. Kwapani alikuwa na kigae.

"Mwenye meza hii yuko wapi?" alifoka yule baba.

"Amekwenda kujaribu begi."

"Atarudi?"

"Nilimwambia arudi. Angalia, mali yake yote ameiacha."

"Laptop ya mwanangu nani atanilipa?"

"Laptop sina, baba. Chagua begi, uchukue."

Yule baba alifikiri kidogo, akaweka kigae chini, akachukua mawili. Wazazi wengine wakaanza kusogea, wakiyabonyeza yaliyobaki.

Dokta alipiga hatua moja mbele, akamwona mlinzi akinyoosha miguu, akairudisha hatua yake. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma.

"Hili la bluu ni imara?" aliuliza mama mmoja.

"Usinunue kwa macho, dada yangu," alisema shangazi. "Mvalishe muuzaji kwanza."

"Muuzaji si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Lete nivae." Akajishika magoti, akainuka. "Ila mimi sikimbii."