Timu ya Mji Haishuki

Jumapili, 12 Januari 1913

Aibu! Sita bila. Jana timu ya misheni ya Nkoaranga imetufunga sita bila, na la sita kalifunga mwalimu wao wa nyimbo, mtu mzima mwenye miwani. Wale hufundishwa kusamehe, lakini jana hawakusamehe kitu. Wamekulia kwenye vijia vya mlimani, kupanda na kushuka ndiyo kazi yao. Sisi wa mjini tukipanda vidato vitatu vya duka la Mhindi tunatweta.

Sasa hesabu ni hii. Bwana Sajenti, mwenye mpira na filimbi yake, ametangaza kwamba timu mbili tu zitacheza Sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani, tarehe ishirini na saba, kwenye uwanja wa boma, mbele ya wageni. Misheni wameshaingia. Tumebaki sisi Mji na wale askari wa Boma. Tunakutana Jumamosi. Atakayefungwa anashuka! Anashuka kwenda uwanja wa maksai, pale Makaburu wanapofungulia magari yao, acheze na waswaga ng'ombe juu ya mavi. Tena huyo huyo ndiye atakayefyeka majani ya uwanja wa boma kwa ajili ya sikukuu.

Mimi sichezi. Miguu yangu ni ya kukanyagia cherehani. Lakini fulana za manjano za Mji nilizishona mimi, zote kumi na moja, na timu ile naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Jioni, barazani kwa muuza kahawa, Ombasha Jabiri, askari mwenye cheo na nahodha wa Boma, akaniambia mpanda ngazi hushuka. Watu wakacheka. Damu ikanichemka. Nikasimama, kikombe mkononi, nikaapa: Mji ikishuka, mimi fundi Abasi nitashona bendera nyekundu ya Boma, na siku ya Kaisari nitaibeba mbele ya Jabiri kutoka sokoni hadi boma, mchana kweupe. Jabiri akasema amesikia. Muuza kahawa akasema naye amesikia. Baraza zima lilisikia! Siku ninayodai malipo yangu hawa wote huwa viziwi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimepata dawa. Kwetu kinachovuja ni nyuma. Nyuma panataka watu wawili warefu, wagumu, wasioogopa askari. Watu hao wako Moshono, kwa Waarusha.

Mke wangu Chiku akasema atanisindikiza. Yeye kazaliwa hapa hapa, kakua na akina mama wauza maziwa, na Kimaa, lugha ya Waarusha, anakisema kama Kiswahili. Nikakataa. Mimi niliyesoma shule ya serikali Tanga nikatafsiriwe na mke wangu? Akasema kuuliza si ujinga. Nikamwambia ujinga ni kuchelewa, nikaondoka.

Moshono nimewakuta! Simel na nduguye Loishiye. Vijana wakubwa, wanasubiri kutahiriwa mwaka huu, mapaja kama magogo. Kwa vidole na vijiti nikawaeleza mpira. Wakaelewa upesi: anayekuja, mwangushe. Wakafurahi sana.

Mama yao, Nosim, akanikalisha kwenye kigoda, akasema maneno marefu kwa Kimaa. Alionyesha wanawe, akaonyesha nyumba za wazee, akashika kichwa chake, akainama, akaniangalia kama anayengoja jibu. Sikuelewa hata neno. Nikaitikia kwa kichwa. Mara mbili, aone nimeelewa sana. Akaridhika, akanitemea mate kifuani! Nikafunga safari kwa hasira. Chiku ananiambia ile ni baraka. Labda. Lakini shati lilikuwa safi.

Jumatano, 15 Januari

Mazoezi. Siku njema kuliko zote mwaka huu! Simel kapiga mpira ukaangukia mto Themi, tukaukimbiza mpaka kwenye mawe. Loishiye kamwangusha kila mtu, pamoja na mlinda lango wetu na mbuzi mmoja. Wenzangu wakanibeba juu juu.

Akili nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni nyingi.

Alhamisi, 16 Januari

Leo nimetega mitego miwili kwa siku moja. Andika, Abasi, wajukuu wasome.

Wa kwanza. Jabiri kaniletea kaputula yake niishone, mshono wa nyuma umeachia. Nikaishona kwa uzi uliooza, ule niliokuwa nimeuweka wa kufungia mafurushi. Kwa nje inapendeza. Akiinua mguu Jumamosi, mji mzima utaona mambo.

Wa pili ndio mkubwa. Jabiri kanieleza kwamba mtu wake mmoja ana funza, hawezi hata kusimama, na hajui amweke nani. Moyo ukaniruka. Nikamwambia, kwa sauti ya huruma, mbona mnaye mzee Lesikar? Huyu ni Mwarusha anayechunga ng'ombe wa boma. Mguu wa kushoto anauburuta, meno kayaacha njiani. Nikaapa kwamba ujanani alikuwa akishindana mbio na nyati, na nyati ndiye aliyekuwa akiomba kupumzika.

Jabiri akacheka. Akasema yule hata ng'ombe humngoja. Kisha akaniuliza, hivi hivi tu, hawa watu wapya wa Mji ni wa wapi? Sikuweza kujizuia. Nikamsimulia yote: wa Moshono, watoto wa Nosim, bado hawajatahiriwa, ukuta mtupu! Jabiri akazungusha sharubu. Miaka minane yuko Arusha, na mke kaoa huku huku. Akasema nimemshauri vizuri, atamchukua mzee.

Kaingia mzima mzima! Watakuwa watu kumi na mmoja wenye miguu ishirini na mmoja. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaondoka.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya sala nimemwomba Mungu mambo matatu, yote ya mpira. Chiku kauliza kama Nosim alinipa sharti lolote kuhusu wale vijana. Nikamwambia yule mama alinipa mate tu.

Jumamosi, 18 Januari

Nitaandika yote.

Saa nane mchana. Watu tele. Kipindi cha kwanza, raha! Simel na Loishiye ni ukuta wa boma. Mara nne Jabiri kaja mbio, mara nne kaokotwa chini. Na sisi tukafunga! Mpishi wa Mgiriki, mshambuliaji wetu, alikuwa ameupa mpira mgongo akifunga kamba ya suruali, mpira ukampiga kisigino ukaingia. Bao ni bao. Nilirusha kofia juu, sijaiona tena. Mzee Lesikar muda wote kasimama katikati kwa mguu mmoja, kaegemea fimbo, anaangalia mawingu ya Meru. Nikamwonea huruma kidogo.

Kipindi cha pili. Jabiri anao mpira. Hakimbii! Anatembea, mpira unadunda polepole miguuni, na kwa mkono kamshika mzee kama bibi harusi. Wanakuja. Simel akachomoka kama kifaru, Loishiye nyuma yake. Nikafumba macho kwa furaha. Sikusikia mtu akianguka. Nikafumbua.

Simel kasimama, kichwa kakiinamisha mbele ya mzee. Loishiye hivyo hivyo. Mzee Lesikar akaweka fimbo kwapani, akawagusa utosini, mmoja, na wa pili. Akaanza kuuliza habari. Habari zote, mtazamaji mmoja ajuaye Kimaa akinitafsiria! Mama, ng'ombe, malisho, yule ndama mwenye macho mabovu. Nao wanajibu kwa adabu, macho chini, hakuna swali linalorukwa. Mlinda lango wetu akadhani mchezo umesimama, akakaa. Jabiri akapita nyuma yao bila haraka, akausukuma mpira ndani kwa ncha ya kidole gumba cha mguu.

Niliingia uwanjani nikikimbia. Nikamlalamikia Bwana Sajenti kwamba wale wanasalimiana mpira ukiwa unachezwa. Akatoa kitabu chake kidogo, akafunua kurasa zote, watu wote wakingoja. Akanijibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Sheria ya kukataza salamu hakuna. Wewe toka."

Bao moja kwa bao moja. Nikajipa moyo. Salamu ni mara moja kwa siku, na sasa imekwisha. Kweli, Jabiri aliporudi na mzee wake, vijana hawakuinama. Simel akaweka mguu tayari. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo mzee Lesikar akaona kikopo chake cha ugoro hakipo, amekisahau chini ya mti upande wa pili. Akamwonyesha Simel kwa fimbo. Simel akaenda! Kwa mbio ambazo kwenye mpira hakuwahi kuzitoa. Loishiye akatumwa kuleta shuka, mzee anasikia baridi. Nyuma pakabaki peupe, pamefagiliwa.

Jabiri akainua mguu akapiga kwa nguvu zake zote. Bao la pili, na kaputula ikachanika kutoka nyuma mpaka mbele. Mtego wangu ulifanya kazi! Hakuna aliyecheka, watu walikuwa wanashangilia bao. Kisha mmoja akaona, akauliza kwa sauti kubwa, kazi hii si ya fundi Abasi? Hapo ndipo wakacheka.

Filimbi. Mbili kwa moja. Tumeshuka.

Nililia. Sioni haya kuliandika. Wachezaji wetu walikaa chini na fulana zangu za manjano zimejaa matope, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Simel akanijia, uso unang'aa kwa furaha, akanionyesha kwa ishara kwamba mzee kawabariki.

Jumapili, 19 Januari

Chiku katoka gulioni na habari. Kakutana na Nosim kwenye maziwa, naye kanisifu! Kasema mimi ni mtu wa adabu. Eti siku ile aliniambia hivi: wanangu wachukue, wamwangushe wamtakaye, lakini akitokea mzee wa rika la baba yao, lazima wasimame wamwinamie, na akiwatuma waende, kwa kuwa mwaka huu wanatahiriwa na hawawezi kukatwa huku mzee ana kinyongo nao. Kisha akaniuliza, umekubali? Nami nikakubali. Mara mbili.

Chiku akasema, "Ungenichukua, mume wangu, ningekwambia palepale."

Nikamjibu kwamba kosa ni la Lesikar. Mtu mzima anaachaje ugoro wake chini ya mti?

Wateja watatu wamekuja leo kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa.

Jumatatu, 27 Januari

Sikukuu ya Kaisari. Juzi na jana tumefyeka majani ya uwanja wa boma, timu nzima, na mpishi wa Mgiriki kajikata kisigino kile kile cha bao.

Asubuhi nikaibeba. Bendera nyekundu, mita mbili, nimeishona mwenyewe kwa uzi mzuri, maana Jabiri aliujaribu mmoja mmoja kwa meno. Kutoka sokoni hadi boma. Sikujua kama njia ile ni ndefu hivyo. Muuza kahawa alifunga kazi ili aje kutazama. Wanawake walipiga vigelegele. Jabiri nyuma yangu anapiga hatua za paredi na kila mara ananiambia niinue juu zaidi.

Na wale wageni tuliogombea kuonwa nao? Walitazama bia. Bwana mmoja aliniuliza bendera hii ni ya nchi gani. Misheni wakawafunga Boma saba, hakuna mgeni aliyehesabu. Mzee Lesikar kapewa kiti na ubavu mzima wa ng'ombe. Alinipungia mkono. Hana kinyongo, mzee yule. Wala hajui tulikuwa tunashindana.

Alhamisi, 30 Januari

Nimeamka na wazo! Sijui lilikuwa limejificha wapi.

Jumamosi ijayo tunaanza uwanja wa maksai, na wale waswaga ng'ombe. Wachezaji wao wa nyuma ni nani? Waarusha watupu! Vijana! Basi anayetufaa ni nani? Lesikar! Tukimweka mbele kwa fulana ya manjano, watainama wote kama mtama kwenye upepo. Boma walitushinda kwa hila yangu mwenyewe, sasa hila irudi kwa mwenyewe. Mwezi mmoja tu tutakuwa tumepanda tena.

Nimemwita kibarazani kwangu, nikampigia shikamoo nzuri, nikampa ugoro. Kwa vidole na vijiti nikamweleza. Akafikiri. Kisha akasema maneno marefu kwa Kimaa, marefu kuliko ya Nosim. Alionyesha mlima, akaonyesha cherehani yangu, akahesabu vidole vyote vya mkono mmoja, akaonyesha mlango wa nyumba yangu, akaniangalia akingoja jibu.

Chiku alikuwa ndani anachambua maharage. Akaacha. Akatoa kichwa mlangoni, akaniuliza kama nataka kujua mzee kasema nini.

Nikamwambia aendelee na maharage yake, huku ni mambo ya mpira. Nikamgeukia mzee, nikaitikia kwa kichwa. Mara mbili.