Maikrofoni Inayosikia Hata Sisimizi

Redio ya kwa kinyozi ilikuwa inatangaza tangu asubuhi: jioni hii zitarushwa nyimbo za gitaa kavu lisilotumia umeme, zilizorekodiwa na wasikilizaji wenyewe majumbani mwao. Kwenye benchi la nje ubishi ulishawaka, maana mmoja wa hao wasikilizaji ni wa hapo hapo. Ni Nyuzi, fundi cherehani, ambaye chumba chake kiko nyuma ya benchi, dirisha likitazama visogo vya wabishi.

Nyuzi hakuwa na hamu ya utani. Baba mkwe wake alishamwambia mbele za watu kwamba gitaa ni kazi ya wasio na kazi, na ataliheshimu siku atakapolisikia redioni. Mkewe alikuwa huko kwa mzee tangu juzi, wote wawili wameitegea redio masikio.

"Mimi nilikwambia ununue maikrofoni ya mkono, ile ya waimbaji wa jukwaani," alisema Mama Vocha, muuza kadi za simu. "Inasikia kilicho mbele ya pua yake, basi. Ina adabu zake."

"Ile ni ya kunadia mitumba!" alifoka Profesa kutoka kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Profesa huuza makava ya simu, ila ametazama video za maikrofoni mpaka anadhani alizivumbua yeye. "Gitaa kavu linataka maikrofoni ya kondensa. Unaielekeza pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa. Ukiiweka mbele ya tundu, utavuna ngurumo tupu. Kondensa inasikia hata sisimizi akipiga chafya!"

"Umewahi kuishika?"

"Elimu haishikwi, mama."

"Na gitaa, umewahi kulishika?"

"Tusitoke nje ya mada."

Wembe, kinyozi mwenyewe, alicheka mpaka mashine ikamtetemeka mkononi. "Nyuzi, na mablanketi ulitundika kweli?"

"Kuta zote. Profesa alisema ukuta mtupu unaleta mwangwi."

"Makubwa! Hukufa kwa joto?"

"Nusura. Nikafungua dirisha."

Profesa aliinua kichwa taratibu. "Dirisha lipi?"

"Kwani ninayo mangapi?"

"Lakini uliisikiliza rekodi kabla ya kutuma?"

"Si wewe uliyesema kuisikiliza kwa spika ya simu ni kuitukana? Nikaiheshimu, nikaituma."

Kabla Profesa hajajitetea, mtangazaji alilitaja jina la Nyuzi. Mama Vocha akawanyamazisha wote kwa mkono.

Gitaa likaanza, na jamani, lilikuwa tamu. Nyuzi alifumba macho. Hakuwahi kujua kwamba vidole vyake vinaweza kusema hivyo, na moyo ulimjaa furaha. Kisha humo redioni, nyuma ya mlio wa gitaa, mtu akaangua kicheko, na kicheko hicho benchi zima lilikijua.

"Mkwe wa Nyuzi? Ule weusi wa nywele zake ni mimi!" redio ilisema kwa sauti ya Wembe, safi kabisa. "Kila mwisho wa mwezi anapita mlango wa nyuma, nampaka rangi. Kichwa kizima ni mvi! Halafu anawaambia watu eti ni damu ya ukoo wao!"

"Na wewe siri unaitunza?" iliuliza sauti ya Mama Vocha.

"Dada, kinyozi ni kaburi."

Wembe alizima mashine. Redioni gitaa liliendelea vizuri tu, ila hapakuwa na wa kulisikiliza.

Simu ya Nyuzi ikaita. Namba ilikuwa ya mkewe, sauti ilikuwa ya mzee.

"Mkwe wangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gitaa nimelisikia. Unalijua, nilikukosea." Kisha akauliza: "Hilo kaburi liko hapo?"

Nyuzi aligeuka. Profesa alikuwa amebaki peke yake kwenye kiti, shuka shingoni, nusu ya kichwa upara na nusu msitu. Mlango wa nyuma, ule ule wa mzee, ulikuwa bado unabembea.

"Ametoka, baba."

"Hakuna neno. Nakuja."

Mama Vocha alianza kukusanya kadi zake bila kuambiwa.

"Sasa mimi nani atanimalizia?" Profesa alilalamika.

"Kaa hapo hapo," Mama Vocha alimjibu. "Mzee akifika atataka kumjua aliyechagua maikrofoni."

Profesa aliondoka na shuka la watu shingoni. Nyuzi akabaki peke yake kwenye benchi, akaongeza sauti ya redio, akausikiliza wimbo wake mpaka mwisho.