Kurasa Mbili Kuhusu Mimi

Jumatatu, 6 Januari
Theluji mpaka dirishani. Mji wote wa Buffalo umejifunika, mimi nina kazi. Chuo cha sheria kinataka insha ya kurasa mbili: mimi ni nani, na kwa nini wanichukue. Mwisho tarehe 31. Shida yangu ni kwamba sijawahi kupata shida. Wazazi wazima, meno mazuri. Thaddeus wa jirani, anayeomba chuo hicho hicho, alivunjika mguu akiokoa paka. Watu wana bahati!

Alhamisi, 9 Januari
Nimepata! Shangazi Bernadine amemshtaki mwenye nyumba wake kwa kuwanyima wapangaji joto. Nimemsindikiza mahakamani, nikamshikia koti. Miaka thelathini anafua mashuka ya hoteli, hata binti yake Rosalie alimzaa chumba cha kufulia, shahada ameipata juzi kwa masomo ya jioni, na leo kasimama pale bila wakili. Akatoa daftari: vipimo vya baridi vya siku arobaini na moja, asubuhi na jioni. Wakili wa mwenye nyumba akadai kipimajoto ni kibovu. Shangazi akatoa vingine vitatu mkobani, vyote vikasema kitu kimoja! Hakimu akaamuru mitambo ya joto itengenezwe kesho. Nilitaka kupiga makofi. Mwanamke yule namstahi kuliko wote. Insha nimeianza ndani ya basi.

Jumanne, 14 Januari
Bwana Lindqvist, mshauri wa wanafunzi, kaisoma mpaka miwani ikaingia ukungu. Nikajua nimepita. Akasema mama huyu wa kwenye insha angempokea chuoni leo hii. Halafu akauliza mimi niko wapi. Nikamwonyesha: ukurasa wa pili, mstari wa nne, nimeshika koti.

Ijumaa, 17 Januari
Dawa ndogo tu. Kila alichofanya Shangazi, sasa nimefanya mimi. Kazi ya nusu saa. Nikampa Shangazi akague makosa, maana hakuna anayemshinda. Mjinga mimi! Kasoma kwa sauti, pierogi, ile sambusa ya kuchemsha, mdomoni, mpaka pale ninapojifungua binti yangu Rosalie katika chumba cha kufulia. Akacheka akishika meza. Akaniuliza, “We mtoto, uchungu ulikushika saa ngapi?”
Kisha akapoa. Akasema mahakamani nilitetemeka kuliko yeye, lakini sikutoka. Niandike hilo, na kwa nini bado nautaka uwakili. Ushauri wa dhahabu. Akaomba abaki na ile insha ya kwanza.

Ijumaa, 31 Januari
Nimejaribu kuandika kutetemeka kwangu. Mistari sita, nikasinzia. Nimerudia ile insha ya kwanza, ya Shangazi, nikaongeza mwishoni kwamba ni shangazi yangu wa damu. Nimetuma!

Jumamosi, 12 Aprili
Majibu. Mimi: hapana. Thaddeus: ndiyo, yeye na paka wake. Na Shangazi: ndiyo! Kumbe mtihani wa kuingilia alishaufanya tangu Oktoba, alikwama kwenye insha tu. Akaichukua yangu, akaiandika upya kwa kinywa chake mwenyewe. Nimemkumbatia nikalia, wapangaji wote wamejaa jikoni kwake. Furaha yangu ni ya kweli.
Lakini mwaka ujao hawanikatai. Nimeshapata kisa kikubwa zaidi: mfuaji wa miaka hamsini na sita aingia chuo cha sheria! Ukurasa wa kwanza tayari, na ni mtamu ajabu.